UZI: Diego Garcia na visiwa vya Chagos, watu wa mbata walioambiwa kisiwa chao kimeuzwa

KifuoChaChole

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni mtu wa Chole, kile kisiwa kidogo kinachotazamana na Utende, Mafia. Bibi aliyenilea aliishi kwa nazi. Kifuo chake kilisimikwa nyuma ya jiko, na ile ncha ilikuwa imelainika hadi inang'aa kwa miaka ya kupita makumbi. Anainua nazi kwa mikono miwili, anaishusha, anaikandamiza pembeni, kumbi linaachia kwa mlio wa kuchanika. Mara tatu, nazi iko uchi. Baadaye zinapasuliwa, zinaanikwa, zikikauka ni mbata, na mbata ndiyo iliyoninunulia daftari.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasoma habari za Diego Garcia, ile kambi ya kijeshi ya Marekani katikati ya Bahari ya Hindi. Nilikuwa nafuatilia ndege za kivita. Nikakutana na maelezo kwamba kabla ya kambi kulikuwa na wenyeji pale, na kazi yao ilikuwa hii: mwanamume kufua nazi 500 kwa siku, mwanamke kutoa nyama ya nazi 1,200 kwa siku. Nikarudia kusoma. Mia tano! Bibi, uzeeni, akifua mia moja tulikuwa tunamkanda mabega usiku.

Habari za ndege nikaziacha hapo hapo. Tangu siku ile nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu watu hawa, na leo naleta humu kwa Kiswahili. Ni jirani zetu wa bahari moja na wengi wetu hatujui kama waliwahi kuwapo. Ni ndefu, nitaweka kwa vipande.

Kisiwa kilipo

Chukua ramani, weka kidole Dar es Salaam, kisha kipeleke mashariki moja kwa moja ukishuka kusini kidogo tu, kama nusu ya safari ya kutoka Dar hadi Mafia. Utapita kusini ya Mahé ya Shelisheli, utaendelea kukata bahari tupu, na baada ya kilomita zaidi ya 3,600 utafika Diego Garcia. Latitudo yake ni nyuzi 7 na dakika 18 kusini, kwa hiyo jua la saa sita linavyopiga kule ndivyo linavyopiga Kibiti. Tofauti ni kwamba wao wanalipata zaidi kidogo ya saa mbili kabla yetu.

Diego Garcia ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Chagos, lenye visiwa karibu 60 vilivyokaa juu ya atoli saba. Atoli ni pete ya matumbawe: mwamba unazunguka, juu yake pana ukanda mwembamba wa mchanga na minazi, na katikati pana bahari ya ndani iliyotulia. Diego Garcia haikufunga pete yote. Mdomo uko kaskazini, na pale mdomoni vimekaa visiwa vitatu vidogo. Ukiitazama kutoka angani ni kama unyayo wa mtu uliokanyagwa mchangani, kisigino kusini. Ardhi yote ni kama kilomita za mraba 30, lakini bahari ya ndani ni kama mara nne ya hapo. Kuna sehemu ukanda wa nchi kavu haufiki mita 100 kwa upana: ukisimama katikati unasikia mawimbi ya nje sikio hili, na sikio lile kimya cha ndani.

Kimo? Kwa wastani ni mita moja na kitu juu ya bahari. Mnazi ndio mlima wao.

Asili ya pete hiyo ni moto. Chini ya bahari kuna tundu la volkano ambalo limekuwa likitema kwa mamilioni ya miaka huku sakafu ya bahari ikisogea juu yake. Lilijenga msingi wa Maldivi, likajenga wa Chagos, likaja kujenga Mauritius, na leo liko chini ya Réunion, ambako mlima bado unawaka. Mlima ukishapoa unazama polepole, matumbawe yaliyouzunguka yanaendelea kujijenga kwenda juu kufuata mwanga, hadi mlima unapotea na pete inabaki. Charles Darwin aliandika hoja hiyo mwaka 1842, na kwa Chagos alitegemea vipimo vya Kapteni Robert Moresby aliyepima visiwa hivyo mwaka 1837.

Ngoja nipumzike kidogo, naendelea.

Mzee Tandabui

Mkuu nakufuatilia neno kwa neno. Mimi nimefanya kazi ya visima Kilwa na Songo Songo. Swali moja kabla hujaondoka kwenye jiografia: kisiwa cha mita moja, hakuna mto, hakuna kilima. Watu walikunywa nini?

KifuoChaChole

Shikamoo mzee wangu. Mvua. Kule inanyesha zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Dar. Maji yanazama kwenye mchanga na vipande vya matumbawe, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko maji chumvi, yanaelea juu yake ardhini bila kuchanganyika haraka. Kisima kinachimbwa kifupi na kinachotwa kwa adabu. Wewe mwenyewe unajua, ukichota kwa pupa, chumvi inapanda. Hata kwetu Chole kuna kisima ambacho wazee walikuwa wanakataza kuteka maji ya bamvua likijaa.

binti_kwale

Na wanyama je? Nimesikia kuna kaa wakubwa wa kutisha.

KifuoChaChole

Ni kweli dada. Ni wale wanaopanda minazi, hata Chumbe ya Zanzibar wapo. Mmoja anafika kilo nne na anaweza kuvunja nazi kwa gando. Kasa na ng'amba wanapanda pwani zile kutaga. Kuna ndege wa baharini wenye miguu myekundu wanaolala mitini kwa maelfu. Samaki ni wale wale wetu, changu, kolekole, jodari nje ya mwamba.

Sasa watu.

Walifikaje

Wamaldivi wa kusini walijua zamani kwamba visiwa hivyo vipo, maana wavuvi wao waliopotea walikuwa wakitupwa huko. Wareno walivichora kwenye ramani zao karne ya 16. Lakini hakuna aliyehamia. Waliokuja kukaa walikaa kwa sababu ya minyororo: mwaka 1783 Mfaransa aliyeitwa Pierre Marie Le Normand alipewa kibali cha kufungua shamba la minazi Diego Garcia, akapeleka watumwa 22. Walitoka Île de France, yaani Mauritius ya leo, na asili ya watumwa wa huko ilikuwa hasa Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska.

Hapa nataka tusimame kidogo. Miaka saba tu kabla ya hapo, mwaka 1776, Mfaransa mwingine, Jean-Vincent Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, na soko lake lilikuwa huko huko Mauritius. Kwa hiyo tunaposema Bahari ya Hindi, tukumbuke kwamba mlango mmoja wa bahari hiyo ulikuwa Kilwa Kisiwani, na waliopita mlango huo walikuwa watu wa nchi zetu.

Kufikia miaka ya 1820 watumwa wa Diego Garcia walikuwa zaidi ya 350. Walipelekwa pia wagonjwa wa ukoma kutoka Mauritius, kwa imani kwamba nyama ya kasa ingewatibu. Waingereza walichukua Mauritius na vyote vilivyo chini yake, mkataba ukathibitisha hilo mwaka 1814. Utumwa ulikatazwa mwaka 1835, miaka ya kuwatumikia mabwana kwa lazima ikafuata, kisha watu wakawa huru. Huru, lakini shamba ni lile lile, kampuni ni ile ile, na meli inakuja mara chache kwa mwaka.

Wakabaki. Wakaoana, wakazaa, wakazikana.

Maisha yao

Mauritius waliviita Visiwa vya Mafuta, kwa sababu mafuta ya nazi ya Chagos ndiyo yaliyokuwa yanawasha taa. Vinu vya kukamulia vilizungushwa na punda. Kijiji kikuu cha Diego Garcia kilikuwa East Point, upande wa mashariki wa bahari ya ndani: nyumba ya meneja, kanisa, hospitali ndogo, duka, matanuri ya mbata, na nyumba za watu zilizoezekwa kwa makuti. Atoli nyingine mbili zenye watu zilikuwa Peros Banhos na Salomon, kaskazini.

Kazi ilianza alfajiri. Anayemaliza idadi yake mapema, siku iliyobaki ni yake: kuvua, kulima bustani, kufuga kuku na nguruwe, kujenga mtumbwi. Mshahara wa fedha ulikuwa kiduchu sana, sehemu kubwa ilikuwa posho ya mchele, unga, dengu, chumvi. Sitaki kupamba; ilikuwa kazi ya shamba chini ya meneja, na zamani kulikuwa na viboko na kufungiwa. Lakini wazee wao wakihojiwa, wanaeleza jambo hili hili mmoja baada ya mwingine: hakuna aliyelala na njaa, na kila mtoto alikuwa na nyumba ambayo hakuna wa kumtoa.

Wanasema Kikrioli cha kwao, maneno mengi yametoka kwenye Kifaransa. Chakula chao kikuu cha fahari kinaitwa seraz: samaki, kuku au pweza anapikwa ndani ya tui. Ndugu zangu wa pwani, hamhitaji maelezo zaidi. Walikunywa tembo la mnazi, wao wanaliita kalou, na pombe nyingine iitwayo baka wanayovundika kwa dengu au mahindi. Jumamosi usiku ni sega: ngoma ya ngozi inaotwa motoni hadi ikaze, mwimbaji anatoa wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu jambo lililotokea wiki ile, wengine wanaitikia. Sega yao ya ngoma iliingizwa na UNESCO mwaka 2019 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Nahodha Mstaafu

Mdau, hiki kisiwa nimekisikia kwenye habari za vita ya kwanza. Kuna manowari ya Kijerumani ilipita pale?

KifuoChaChole

Ndiyo nahodha, Emden. Oktoba 1914 iliingia Diego Garcia kupakia makaa. Vita ilikuwa na zaidi ya miezi miwili, na meli za Uingereza zilikuwa zinaitafuta bahari nzima. Lakini meli ya Mauritius ilikuwa haijafika, kwa hiyo pale kisiwani hakuna aliyejua kama kuna vita. Meneja aliwakaribisha vizuri, na mafundi wa Emden wakamtengenezea boti yake ya injini iliyokuwa imeharibika. Wakaagana kwa amani wakaondoka. Mwezi uliofuata Emden iliteketea kwenye visiwa vya Cocos. Na siku hizo hizo nduguye Königsberg alikuwa amejificha kwenye mikoko ya Rufiji, kwa sababu hiyo Waingereza wakaja kutua kwetu Mafia Januari 1915.

Wakili_wa_Mtaa

Mkuu, uzi mzuri lakini niruhusu nipinge. Unawaita wenyeji. Umesema mwenyewe kisiwa hakikuwa na watu, wakapelekwa na mwenye shamba. Kisheria hao ni vibarua. Kampuni ikifunga shamba, kibarua anaondoka. Hata mashamba ya mkonge Tanga yalikuwa na manamba, yalipokufa wakatawanyika. Kwa nini hawa wawe tofauti?

KifuoChaChole

Wakili, nashukuru umeuliza, maana hoja yako ndiyo hoja waliyotumia waliowaondoa. Na waliitumia wakijua si kweli.

Hesabu nami. Kutoka 1783 hadi mtu wa mwisho anaondolewa ni miaka 190. Sayyid Majid alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Maana yake siku Dar inachimbwa misingi, Diego Garcia tayari ilikuwa na makaburi ya vitukuu. Kama wale ni vibarua wa kupita, nani Dar si wa kupita?

Manamba alitoka kwao na alikuwa na kwao pa kurudi. Huyu wa Chagos kwao ni wapi? Babu wa babu yake alitekwa Msumbiji akapewa jina la Kifaransa. Hana kijiji kingine. Wengi wao mama amezaliwa pale, bibi amezaliwa pale, na vitabu vya ubatizo vya kanisa vipo.

Sasa tazama kilichofanyika. Tarehe 8 Novemba 1965, zaidi ya miaka miwili kabla Mauritius haijapata uhuru, Uingereza ilivikata visiwa vya Chagos kutoka Mauritius na vingine kutoka Shelisheli, ikaunda koloni jipya. Mauritius ililipwa pauni milioni 3. Desemba 1966 Uingereza na Marekani wakabadilishana barua za kukubaliana kuhusu kambi, na kwa siri Uingereza ikapunguziwa dola milioni 14 kwenye bei ya makombora ya Polaris. Koloni jipya lenye wananchi wa kudumu lingelazimika kutolewa ripoti Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo maofisa wa London wakaandikiana jinsi ya kudai kwamba hakuna wananchi wa kudumu, ni wafanyakazi wa mkataba tu. Nyaraka hizo zilikuja kutoka hadharani. Ofisa mmoja wa juu aliandika kwa dhihaka kwamba pamoja na ndege wa baharini kuna kina Tarzan wachache ambao asili yao haijulikani. Aliandika hivyo kuhusu binadamu waliobatizwa na kuzikwa pale kwa vizazi vitano.

Wakili_wa_Mtaa

Hapo kwenye Dar umenishika. Sikuwa najua kama nyaraka zenyewe zilitoka. Endelea.

KifuoChaChole

Walivyoondolewa

Haikuanza kwa bunduki. Ilianza kwa meli. Watu wa Chagos walikuwa na kawaida ya kwenda Mauritius kutibiwa au kuona ndugu, kisha wanapanda meli kurudi. Mwaka 1968 mama mmoja wa Peros Banhos, Rita Bancoult, alikwenda na familia yake kumtibia binti yao Noellie aliyepondwa mguu na gurudumu la mkokoteni wa punda. Mtoto alifariki huko. Walipokwenda bandarini kutafuta nafasi ya kurudi wakaambiwa hakuna kurudi, kisiwa chenu kimeuzwa. Mumewe alipatwa na kiharusi na hakupona. Mtoto wao wa kiume aliyekuwa na miaka minne, Olivier, ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa mapambano haya. Mtamkuta mbele.

Waliobaki visiwani wakaona meli zinaleta chakula kidogo zaidi kila safari. Dawa zikapungua, wauguzi wakaondoka na hawakurudishwa.

Mwaka 1971 Wamarekani walianza kujenga. Na hapa kuna kisa ambacho kila nikikifikia nasimama. Kisiwani kulikuwa na mbwa wapatao elfu moja. Walikuwa mbwa wa watu. Waliingia nao hadi baharini kuvua. Amri ikatoka kwa Bruce Greatbatch, gavana wa Shelisheli aliyesimamia koloni lile, kwamba mbwa wote wauawe. Walijaribu risasi, wakajaribu nyama yenye sumu. Mwishowe mbwa walivutiwa kwa nyama hadi ndani ya tanuri la kukaushia mbata, mlango ukafungwa, na moshi wa eksozi za magari ya jeshi ukaelekezwa ndani kwa mabomba. Watoto walisikia. Tanuri la mbata, wakuu, ile nyumba yenye harufu tamu ya nazi ambayo mama zao walifanyia kazi.

Wazazi wakaelewa ujumbe.

Oktoba 1971 watu wa mwisho wakaondoka Diego Garcia. Salomon ikafuata mwaka 1972, Peros Banhos mwaka 1973. Meli iliitwa Nordvær. Watu walibeba vitu vichache, wakalundikana kwa siku nyingi. Liseby Elysé, aliyekuwa na miaka 20 na mimba ya miezi minne, ameeleza kwamba walipandishwa gizani ili wasikione kisiwa kikibaki nyuma, na kwamba humo melini walikuwa kama wanyama. Mtoto wake alizaliwa akafa. Kundi la mwisho lilipofika Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, lilikataa kushuka melini; watu walidai warudishwe kwao.

Kwa jumla waliondolewa kati ya watu 1,500 na 2,000, wakatupwa Mauritius na Shelisheli, bila nyumba, bila kazi. Ujuzi wao ulikuwa mbata na bahari, na mjini hakuna aliyehitaji mbata. Wana neno lao, sagren. Ni huzuni, lakini wao wanaitaja kama ugonjwa unaoua: ukiuliza fulani alikufa kwa nini, unajibiwa sagren.

Fidia ya Uingereza ya pauni 650,000 ilipewa serikali ya Mauritius mwaka 1972 na ikakaa hadi mwishoni mwa muongo huo ndipo ikawafikia watu. Mwaka 1982 zikaja pauni milioni 4, na wapokeaji wakawekewa karatasi za Kiingereza za kuweka dole gumba. Wengi hawakujua kusoma. Karatasi zilisema wanaachia haki ya kurudi.

Msafiri wa Gatwick

Kaka, nimekaa kimya nasoma lakini hapa lazima niseme. Mimi nipo Uingereza, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa usafi wa usiku uwanja wa ndege wa Gatwick. Nusu ya zamu yetu walikuwa watu wa Chagos, maana wengi wamehamia Crawley tangu walipopewa uraia mwaka 2002. Nilifanya kazi miezi minane na mama mmoja wa makamo nikidhani ni Mmauritius. Usiku mmoja nilileta pweza wa nazi kwenye kopo. Alinusa tu, akaweka fagio chini. Akauliza nani kakufundisha. Nikamwambia mama yangu, Pangani. Akala kimya, kisha akanieleza kwamba mama yake alikuwa akipika hivyo hivyo Salomon, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga Salomon. Alizaliwa Port Louis. Alijua jina la kila kijiwe cha pale.

Mla Pweza

Dah. Na kesi yao iliishia wapi? Naona kwenye taarifa wanasema visiwa vimerudishwa Mauritius.

KifuoChaChole

Msafiri, asante sana kwa hilo. Nimelisoma mara tatu.

Mla Pweza, kesi ni ndefu, nitakimbia. Wanawake ndio waliotangulia. Lisette Talate, Charlesia Alexis na wenzao waliandamana Port Louis, wakagoma kula, wakapigwa na polisi na kuwekwa ndani. Charlesia alikuwa pia mwimbaji wa sega, na nyimbo zake za kisiwa ndizo zilizowafundisha watoto waliozaliwa uhamishoni. Kisha Olivier Bancoult, fundi umeme, akaishtaki serikali ya Uingereza London, na Novemba 2000 akashinda: mahakama ikasema kuwafukuza watu haikuwa halali. Mwaka 2004 serikali ikapita njia ya amri ya kifalme, bila Bunge, ikawafungia tena. Mwaka 2008 mabwana wa sheria, yaani majaji wa juu kabisa wa Uingereza, wakaamua 3 kwa 2 kwamba amri hiyo inasimama. Mwaka 2010 Uingereza ikatangaza bahari yote ya Chagos kuwa hifadhi, na miezi michache baadaye barua za kibalozi zilizovuja zikaonyesha ofisa akiwaeleza Wamarekani kwamba hifadhi itafanya iwe vigumu kwa watu kurudi. Mimi naipenda bahari na nayapenda matumbawe. Hapo yametumika kama kufuli.

Mauritius ikapeleka suala Umoja wa Mataifa, likafika Mahakama ya Haki ya Kimataifa, The Hague.

Mwanamvita

Hapo ongeza kwamba Kenya ilisimama mahakamani Septemba 2018 kuunga mkono upande wa Mauritius, na Umoja wa Afrika vilevile. Kuna wakati serikali zetu hufanya la maana.

KifuoChaChole

Kweli kabisa ndugu yangu. Na Liseby Elysé, yule mama wa Nordvær, ndiye aliyesikilizwa kwa video ya dakika chache, kwa Kikrioli chake. Tarehe 25 Februari 2019 rais wa mahakama, Abdulqawi Ahmed Yusuf, Msomali, mtu wa pwani hii hii, alisoma maoni ya mahakama: kuvikata visiwa kulikuwa kinyume cha sheria na Uingereza imalize utawala wake huko haraka iwezekanavyo. Majaji 13 kwa mmoja. Mei mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono kwa kura 116 kwa 6.

Februari 2022 Bancoult na wenzake walikwenda na meli iliyokodiwa na Mauritius hadi Peros Banhos, bila kusindikizwa na Waingereza kwa mara ya kwanza. Wakakuta kanisa halina paa, minazi imeota ndani ya nyumba. Wakapiga magoti kwenye mchanga, kisha wakaanza kufyeka makaburi.

Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zikatia saini mkataba unaosema visiwa ni vya Mauritius, lakini Diego Garcia inabaki kambi kwa miaka 99. Kwa mkataba huo Mauritius inaruhusiwa kurudisha watu kwenye visiwa vingine, si Diego Garcia. Wana Chagos wamegawanyika juu ya mkataba huo. Wapo wanaofurahia Peros Banhos na Salomon kufunguliwa. Wapo, hasa Uingereza, wanaosema kwa uchungu kwamba kwa mara nyingine watu wengine wameketi mezani kuamua kuhusu nyumba yao, na wao wako nje ya mlango. Mimi nawaelewa wote, ila wa Diego Garcia ndio wanaoniuma zaidi. Amani imepatikana na wao bado hawana pa kulala.

binti_kwale

Kaka Kifuo, umeniliza mchana. Nisaidie moja la mwisho. Pale East Point pamebaki nini? Au wamebomoa?

KifuoChaChole

Dada, East Point yenyewe haikujengwa kambi. Kambi iko upande wa pili, magharibi. Nyumba ya meneja bado imesimama, kanisa lipo, na ufukweni kuna mabaki ya ndege ya majini aina ya Catalina kutoka vita ya pili. Makaburi yapo. Mwaka 2006 watu kama mia moja waliruhusiwa kufika kwa muda mfupi, wakafagia makaburi na kuweka maua, wengine wakajaza mchanga kwenye chupa.

Na punda wapo. Wale waliokuwa wanazungusha vinu vya mafuta waliachwa kisiwani watu walipoondoka. Wamezaana, wanatembea kwa makundi chini ya minazi ambayo hakuna tena wa kuifua nazi zake.